Nukta Zilizochelewa Njiani

Baba mkwe wangu ni fundi saa, nami ni mtu wa kuchelewa. Mambo hayo mawili yalikutana siku ya harusi yangu, nilipofika dakika arobaini baada ya bibi harusi. Tangu siku hiyo hajaniita kwa jina langu. Ananiita Bwana Njiani, kwa sababu kila aliponipigia simu asubuhi ile nilimjibu, "Baba, nipo njiani," ilhali nilikuwa bado natafuta soksi ya pili.

Wiki moja baadaye alinipa saa ya mkononi. Haina betri, ni ya kutiwa ufunguo kila asubuhi, na mkanda wake ni wa ngozi.

"Nimeifungua na kuifunga kwa mkono wangu," aliniambia. "Ivae, na usiivue."

Nikaivaa. Mwezi ulipokwisha nikagundua iko mbele dakika kumi. Nikairudisha nyuma. Mwezi uliofuata, dakika kumi tena. Sasa niambie, utamwambiaje fundi saa, tena mkweo, kwamba saa aliyokuzawadia kwa mkono wake ina kasoro? Mdomo ulikuwa mzito. Kwa hiyo kwa miaka minne, kila mwisho wa mwezi, nilijifungia chooni, nikachungulia simu, nikarudisha mishale nyuma dakika kumi, nikatoka kama mtu aliyekwenda haja yake. Hata mke wangu hakujua.

Nalieleza hili mapema kwa sababu siri hiyo ndogo ndiyo iliyoniponza.

Duka la baba mkwe lina upana wa mlango mmoja na dirisha moja. Meza yake ina kingo zilizoinuliwa ili skrubu zisianguke, na juu yake kuna glasi nne za maji ambazo hajawahi kuzinywea maji: anazigeuza na kufunikia saa zilizo wazi, vumbi lisiingie. Kwa miaka thelathini alikuwa pia na mashine ya kupimia, sanduku zito la chuma lililosikiliza saa na kutoa utepe wa karatasi wenye nukta. Kila saa ilipogonga, nukta moja. Saa iliyo nzima ilitoa mstari ulionyooka. Iliyowahi, mstari ulipanda; iliyochelewa, ulishuka; na saa mgonjwa ilitawanya nukta kama mchele uliomwagika.

"Mashine haina ndugu," alipenda kusema. "Haikupendi, haikuchukii. Inakwambia ulivyofanya kazi, basi."

Mwaka huu mashine ile ilitoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Vipuri vyake havipatikani tena popote, na mpya hazitengenezwi za namna ile.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandao. Nilimwona baba mkwe ameegemea sanduku lake kama mfiwa, nikajitutumua.

"Baba, hilo ni la wiki moja. Nitakutengenezea ukurasa. Utafungua kivinjari, utaweka saa juu ya kipaza sauti, nukta utaziona kwenye skrini."

"Wiki moja ya kwako au ya watu?" akauliza.

Ilichukua wiki tatu. Lakini ilipokamilika nilijiona bingwa, na kwa kweli kazi yenyewe haikuwa ya kitoto. Ndani ya kivinjari kuna vibarua wawili wanaofanya kazi sambamba. Sisi wa fani tunawaita nyuzi. Uzi wa sauti kazi yake ni moja tu, kusikiliza, na hauchelewi kamwe, kwa sababu ukichelewa hata kidogo sauti inakwaruza. Uzi mkuu ndio unaofanya mengine yote: unachora, unapokea vibonyezo vya mtumiaji, unapanga maandishi. Wenyewe hawagusani. Ukitaka uzi mmoja uuambie mwingine jambo, lazima uutumie ujumbe kupitia kitundu kilichopo kati yao. Basi nikaandika hivi: uzi wa sauti ukisikia saa imegonga, utume ujumbe, uzi mkuu ukiupokea, uchore nukta.

Niliijaribu nyumbani kwa saa yangu, kwenye kompyuta yangu ya kazini ambayo ina nguvu kama punda. Mstari ukatoka umenyooka, safi, ila unapanda. Saa yangu inawahi, jambo nililolijua siku nyingi. Nikapiga meza kwa furaha. Ukurasa unasema kweli!

Nikampelekea, nikaufungua kwenye kompyuta ya dukani, ambayo ni ya zamani na humo humo baba mkwe husikilizia redio. Akaniita "mwanangu" mara mbili siku hiyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi na sikwenda tena kuangalia kazi yangu.

Baada ya wiki tatu, Jumamosi asubuhi, mama mkwe akapiga simu. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na alikuwa mapumzikoni siku hiyo, aliiweka kwenye spika huku akipaka siagi kwenye mkate.

"Baba yenu ameniomba kadibodi na kalamu nene," mama mkwe alisema.

"Za nini, Mama?"

"Za kuandika kwamba anafunga duka."

"Kwa wiki ngapi?"

"Mwanangu, mtu akifunga kwa wiki anaandika kwenye karatasi ya daftari. Huyu kaomba kadibodi."

Mkate ukabaki sahanini. Njiani nilikuwa nashindana na mawazo yangu. Mtu akiondolewa duka lile atabaki na nini? Hana shamba, hapendi mpira, na akikaa nyumbani siku mbili mfululizo anaanza kufungua saa ya ukutani isiyo na tatizo lolote.

Tulimkuta amekaa mezani, ile lenzi yake ya jichoni imepandishwa kwenye paji la uso. Rafuni kulikuwa na saa kumi na moja, kila moja na kikaratasi cha mwenyewe. Mbele yake kadibodi. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: DUKA LIMEFUNGWA. FUNDI AME

"Ame nini?" mke wangu akauliza.

"Hapo ndipo nilipokwama," akajibu. "Nilitaka kuandika 'amezeeka', nikaona nafasi haitoshi."

Alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa la kujikaza kisabuni. Akachukua saa moja rafuni, akaitega sikioni, akafumba macho.

"Sikio langu linasema hii ni nzima," alisema. Kisha akaiweka juu ya kipaza sauti. Nukta zikaanza kutokea kwenye skrini, na hazikuwa mstari. Zilikuja mafungu mafungu, tatu huku, tano kule, nyingine peke yake juu kabisa. "Tazama. Nimeifungua mara nne, nimeiosha mara nne. Hii ya pili nimeibadilisha springi. Hii hapa ni ya mama mmoja mwalimu, amekuja kuiulizia mara tatu, namwambia kesho. Mimi! Tangu lini mimi nikamwambia mtu kesho?" Akaniangalia. "Samahani, Bwana Njiani, hilo neno najua ni lako."

"Baba, labda ni..."

"Sikio linasema nzima, mashine inasema mgonjwa. Mashine haina ndugu. Basi kibovu kilichobaki ni kipi?" Akainua mikono yake miwili, akaigeuza kiganja na mgongo, kama anayetuonyesha kitu alichookota barabarani. "Mteja akinipa saa yake ananiamini. Siwezi kumrudishia nisichokiamini mwenyewe. Bora kufunga mapema kuliko kufungiwa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kitu, na sikusema. Kwa sababu mimi, Mungu anisamehe, nilimwamini. Nilikuwa na ushahidi wangu mkononi, unaokimbia dakika kumi kila mwezi kwa miaka minne. Niliona kumbe mkono wake ulianza kuchoka siku nyingi, nami ndiye niliyejua na kunyamaza.

Mke wangu akamshika baba yake bega. "Baba, pumzika kidogo, tunywe chai."

Akaitikia kwa kichwa, akainyanyua ile saa kutoka kwenye kipaza sauti na kuishika kiganjani. Redio ilikuwa inaendelea kutangaza hali ya hewa. Na kwenye skrini, nukta zikaendelea kuja. Moja. Mbili. Fungu la nukta nne. Nyingine.

Nikakodoa macho.

"Baba, saa unayo mkononi?"

"Kwani kipofu wewe?"

"Irudishe kwenye kipaza sauti. Sasa inyanyue tena, kwa ghafla."

Akainyanyua. Tukahesabu pamoja, sote watatu, kama watoto wanaocheza kombolela: moja, mbili, tatu. Sekunde tatu nzima baada ya saa kuondoka, ukurasa wangu ulikuwa bado unachora mapigo ya saa isiyokuwepo.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ya kwangu nilikuwa nimeishona mwenyewe.

"Si mikono yako," nikasema. "Baba, si mikono yako. Ni mimi."

Nikawaeleza. Uzi wa sauti ulisikia kila pigo kwa wakati wake, bila kukosea. Lakini nilikuwa nimeuagiza utume ujumbe mtupu, usemao tu kwamba saa imegonga, bila kusema imegonga lini. Uzi mkuu ndio uliotazama wakati, tena wakati wa kupokea. Kwenye kompyuta yangu yenye nguvu ujumbe ulipokelewa papo hapo, kwa hiyo kosa halikuonekana. Kwenye kompyuta hii ya dukani uzi mkuu ulikuwa umelemewa na redio na kuchora nukta zote za tangu asubuhi. Ujumbe ulipanga foleni mlangoni, kisha ukaingizwa kwa mafungu. Nukta zilizotawanyika hazikuwa ugonjwa wa saa. Zilikuwa foleni.

Mke wangu alikuwa ameshika buli hewani.

"Subiri," akasema. "Yaani umeandika saa ya faili kufika mezani kwa daktari, badala ya saa uliyompima mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Wanafunzi wetu wa uuguzi wanafundishwa hilo siku ya pili! Unapima homa, unaandika saa hapo hapo, kitandani. Faili hata likifika kesho, daktari anajua homa ilikuwa ya saa ngapi. Kwetu ungeandikiwa barua ya onyo."

"Niandikie."

"Nitakuandikia, wewe subiri tufike nyumbani."

Baba mkwe hakucheka. Alikuwa anaitazama ile saa aliyoifungua mara nne, na uso wake ulikuwa unabadilika polepole.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nimekuwa nawapasua wazima."

"Nisamehe, Baba."

"Springi ya watu nimeitupa!"

"Nisamehe."

Akapumua kwa nguvu mara mbili, kisha hasira ikamtoka na kitu kingine kikaingia, na hicho kiliniuma zaidi. Akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka sana kuamini.

"Au mmekubaliana huko njiani? Mkwe mwema anaweza kubeba kosa lisilo lake ili mzee asivunjike moyo. Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nipe nusu saa," nikasema. "Nitakuonyesha."

"Nusu saa ya kwako au ya watu?"

Nikavuta kiti. Safari hii niliuagiza uzi wa sauti ufanye ilivyopaswa tangu mwanzo. Sauti inapoingia kwenye kompyuta hukatwa vipande vidogo mno, makumi ya maelfu kwa kila sekunde, na uzi wa sauti huvihesabu kimoja kimoja bila kuruka. Kwa hiyo kila saa ikigonga, uandike namba ya kipande, uitie namba hiyo ndani ya ujumbe, ndipo uutume. Uzi mkuu ukiupokea mara moja au baada ya sekunde tatu, haidhuru. Nukta itachorwa mahali ilipozaliwa, si mahali ilipofikia. Nikauzuia pia kutuma ujumbe kwa kila pigo, ukusanye wa sekunde moja na kuutuma kwa pamoja, uzi mkuu upate kupumua. Mwisho nikaongeza namba pembeni ya skrini, ionyeshe saa inawahi au inachelewa sekunde ngapi kwa siku.

Dakika ishirini na tano. Mke wangu alihesabu.

"Haya, Baba. Weka saa yoyote ya rafuni."

"Hapana," akasema. "Hizo nimezichokoachokoa, sijui tena ziko vipi. Nataka saa ninayoijua." Akanyoosha kiganja kwangu. "Vua hiyo."

Kati ya saa zote za dunia!

"Hii, Baba? Hii... nadhani iliingia maji kidogo wiki ile."

"Iliingia maji lini?" mke wangu akauliza kwa mshangao.

"Vua."

Mtu akishikwa pabaya hana ujanja. Nikafungua mkanda, nikampa. Hakuiweka mara moja. Alichukua kalamu nene, akaandika kitu kwenye kona ya ile kadibodi, akakifunika kwa kiganja. Ndipo akailaza saa juu ya kipaza sauti.

Nukta zikaja. Moja baada ya nyingine, zimeshikana, mstari mmoja mwembamba usio na hata nukta moja iliyotoka nje. Kwa makusudi mke wangu aliongeza sauti ya redio na kufungua kurasa nyingine tatu, mstari haukutetereka. Lakini ulikuwa unapanda. Ulipanda kwa unyoofu ule ule, kuelekea kona ya juu, na mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikingoja aseme: kumbe mkono ulishaharibika tangu mwaka ule.

"Soma namba," akaniambia.

"Baba, mficha uchi hazai. Hii saa tangu uliponipa..."

"Nimekwambia soma namba."

"Inawahi sekunde ishirini na moja kwa siku."

Akaondoa kiganja. Kwenye kona ya kadibodi palikuwa pameandikwa: 20.

Nilitazama kadibodi, nikatazama skrini, nikarudia.

"Hiyo moja ni mafuta," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kuongea na wateja. "Miaka minne, mafuta yameanza kukauka. Niachie nikuoshee."

"Ulijua?"

"Nilijua nini? Niliiweka! Ulifika dakika arobaini baada ya binti yangu, nikakaa na saa hii siku tatu, nikaifunga iwahi sekunde ishirini kila siku, wala si kumi na tisa. Nikasema: huyu hatabadilika, basi saa ndiyo imvute. Mwezi wa kwanza dakika kumi, wa pili ishirini, hataona. Mwaka ukiisha atakuwa anawahi kuliko jogoo." Akakunja uso. "Kitu nisichokielewa mpaka leo ni kwa nini haikufanya kazi."

Nikapunguza sauti ya redio.

"Baba," nikasema, "kila mwisho wa mwezi nairudisha nyuma dakika kumi."

"Unaifanya nini?"

"Chooni. Nilidhani ni mbovu. Niliona aibu kukuambia."

Kicheko kikamwanza baba mkwe tumboni, kikampanda mabegani, lenzi ikamdondoka kutoka kwenye paji la uso na kubiringika hadi kwenye ukingo wa meza. Mke wangu alikuwa ameshikilia mlango kwa kucheka. "Chooni!" alikuwa akisema. "Miaka minne nampigia hodi, kumbe yuko na mishale!" Mpita njia mmoja alichungulia dirishani kuona kuna nini, akaishia kucheka bila kujua anacheka nini. Na mimi nilicheka, lakini pia machozi yalinitoka, sioni haya kusema, kwa sababu mikono ile iliyokuwa imeinuliwa mbele yetu kama kitu cha kutupwa sasa ilikuwa inapapasa meza kutafuta lenzi, na haikuwa ikitetemeka hata kidogo.

Tulipima saa zote kumi na moja. Tisa zilitoa mstari ulionyooka. Mbili alikuwa amezivuruga mwenyewe akifuata nukta zangu za uongo; alizirekebisha pale pale huku akininung'unikia. Saa ya mwalimu ilikuwa miongoni mwa zile tisa. Alimpigia simu yeye kwanza, akamwambia, "Njoo leo," na akalikazia hilo neno huku akinitazama. Ile kadibodi mama mkwe aliitumia baadaye kuwekea sufuria ya moto.

Saa yangu alinioshea akaifunga upya, na hakuniambia ameiweka sekunde ngapi. Sikuuliza, na chooni siingii nayo tena. Sasa ni miezi mitatu.

Jumapili iliyopita walitualika chakula cha mchana saa saba. Nilitazama mkononi, nikamharakisha mke wangu, tukapiga hodi. Baba mkwe alifungua mlango akiwa na fulana ya ndani na povu la sabuni kidevuni, wembe mkononi. Akaniangalia. Akaangalia saa yake, saba ilikuwa bado, akaniangalia tena. Kisha taratibu akaivua, akaipeleka sikioni, akafumba macho kuisikiliza.

"Nzima," akasema, na akatusogezea mlango tuingie.